Nipake wino juu ya msalaba wa shaba wa wazee?

Swali: «Mwalimu, niko Katuba, Lubumbashi. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na sherehe, na muda unaobaki nachonga lino (lile zulia gumu la sakafu, ambalo likichongwa na kupakwa wino huchapa picha) na kuchapa kwa mgongo wa kijiko. Ninavyovipenda ni vitu vya porini na vya zamani: magome, vichuguu, mawe ya kijani ya malakiti, vyungu. Mwaka jana baba mkubwa aliniachia msalaba wa shaba, ile misalaba ya kale iliyotumika kama pesa. Nimeupiga picha mara nyingi, nikaigeuza nyeusi na nyeupe kwenye simu, nikaihamishia kwenye lino. Imetoka doa jeusi lenye umbo la X, basi. Rafiki mmoja anasema niachane na kuchonga, nipake wino juu ya msalaba wenyewe nibonyeze karatasi. Mwingine anasema nichome picha kwenye bamba la shaba kwa maji ya betri, na yasipofanya kazi atanitafutia asidi kali. Mama naye anasema vitu vya wazee havichezewi. Nimsikilize nani?»

Ndugu yangu, katika hao watatu aliye karibu na ukweli ni mama. Hoja yake na yangu si moja, lakini zinaishia mahali pamoja: wino usiuguse msalaba ule. Rafiki wa asidi ndiye wa kumkwepa kabisa, nami nitamrudia baadaye. Ila naona kinachokukera hasa ni kwamba picha nzuri inakufa ikifika kwenye lino, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tuumalize msalaba kwanza. Ile rangi ya kahawia au kijani iliyo juu yake si uchafu. Ni ngozi ambayo shaba imejijengea kwa miaka mingi ya hewa, unyevu na mikono ya watu, nayo ndiyo inayoikinga shaba iliyo chini. Ngozi hiyo ina vitundu vidogo sana. Wino mzuri wa kuchapia hutengenezwa kwa mafuta ya kitani, na mafuta hayo hayakauki kama maji yanavyokauka: hushikana na hewa yakawa magumu. Yakishaingia vitunduni huyatoi tena. Utachukua petroli, utachukua brashi, na mwisho utatoa wino pamoja na ngozi yenyewe na alama zote alizoziacha fundi aliyeumimina. Wino wa maji nao si kimbilio, maana utalazimika kuosha, na unyevu ukikutana na chumvi iliyojificha ndani ya kutu, shaba huanza kuugua. Dalili yake ni madoa ya unga wa kijani kilichopauka, unaopukutika ukiguswa. Ukiyaona madoa ya namna hiyo, usisugue, usipake mafuta, wala usioshe kwa limau kama watu wanavyosafisha sinia. Ufunge kwa karatasi kavu, uweke mahali pakavu, uupeleke Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi wautazame.

Kuna jambo jingine la kutazama. Msalaba uliokaa nyumbani kwa vizazi huwa laini, wa kahawia, na kingo zake zimelainishwa na kushikwashikwa. Uliolala ardhini muda mrefu huwa na kutu nene ya kijani, mara nyingine na chembe za udongo zilizogandamana nayo. Hiyo ni dalili tu, si ushahidi, lakini inatosha kukufanya uulize wazee wa upande wa baba mkubwa ulikotoka. Misalaba hii ilizikwa pamoja na watu. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi 1957 na 1958 waliikuta makaburini, na makaburi ya bonde la Upemba yanaonyesha kwamba kadiri karne zilivyopita ndivyo misalaba ilivyozidi kuwa midogo na kulingana, jinsi pesa inavyotakiwa kulingana. Ukigundua kwamba wako ulifukuliwa, hapo mama ameshinda kabisa: si kitu cha kutafutia chapa, ni cha kupelekwa makumbusho. Nchi yetu ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu 1971, na uchimbaji wa kienyeji pamoja na kupitisha vitu hivyo mpakani si mambo ya kufanywa kimyakimya. Ukiambiwa ulikuwa wa mahari, au ulikaa kwenye sanduku la bibi, mwombe mama baraka zake uendelee. Kuupiga picha hakuudhuru.

Sasa lile doa jeusi.

Faili la kawaida la picha kwenye simu lina ngazi 256 kutoka weusi hadi weupe. Lino haina ngazi. Palipobaki panabeba wino, palipochongwa panabaki karatasi. Ukiiambia programu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe tupu, inaweka mpaka mmoja, na kila kilicho giza kuliko mpaka huo inakimwagia weusi wote. Msalaba wako ni wa kahawia, na nadhani uliuweka juu ya kitambaa cheupe. Basi msalaba mzima ukaangukia upande mmoja wa mpaka, kitambaa kikaangukia upande wa pili, na programu ikakupa ulichoiagiza. Wino hauna kosa, mkono wako hauna kosa.

Kosa liko kwenye mwanga, na nadhani najua ulikoutoa. Mpiga picha wa harusi hufundishwa na kazi yenyewe kufuta mikunjo. Anatafuta mwanga mpana unaotoka mbele, anatumia flashi, uso wa bibi harusi unatoka laini na kila mtu analipa kwa furaha. Kwa msalaba unataka kinyume chake. Kitu hiki kilimiminwa kwenye kalibu iliyo wazi: upande mmoja ulilala kwenye kalibu, upande mwingine ulipoa ukiwa hewani. Upande wa hewani ndiko kuliko na hadithi yote: mikunjo ya shaba iliyoganda, vishimo vya mapovu, mahali ilipofurika kidogo ukingoni. Baadhi ina mgongo ulioinuka kufuata mikono yake. Flashi inayotoka kwenye kamera hujaza kila kishimo kwa mwanga, na kishimo kisicho na kivuli hakionekani.

Fanya hivi usiku, chumba kikiwa giza. Kamera iwe juu ya msalaba ikitazama chini moja kwa moja, kwenye miguu mitatu au iliyofungwa kwenye kitu kisichotikisika. Chini ya msalaba weka kitambaa cheusi, si cheupe. Chukua tochi moja ya kawaida, uilaze pembeni mpaka mwanga wake ukaribie kulamba meza, nyuzi kumi au kumi na tano hivi. Piga. Kamera na msalaba visisogee. Sogeza tochi tu, upige ukiwa umeiweka kaskazini, mashariki, kusini na magharibi ya msalaba. Zilinganishe hizo picha nne. Utaona mikunjo ambayo kwenye moja ni mistari mikali na kwenye nyingine haipo kabisa, kwa sababu mkunjo unaofuata mwelekeo wa mwanga hautoi kivuli. Wataalamu wa vitu vya kale hutumia njia hii hii kusoma maandishi yaliyofifia kwenye mawe.

Huko porini tochi yako ni jua, na jua la Lubumbashi lina tabia zake. Tuko karibu nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta, hivyo karibu na tarehe 23 Oktoba, na tena karibu na tarehe 19 Februari, jua la saa sita linapita juu ya utosi kabisa. Gome la mti bado litakuwa na kivuli kwa kuwa limesimama wima, lakini jiwe au jani lililolala chini litakuwa bapa kama sahani. Kitu kilicholala kipige jua linapochomoza. Kilichosimama kinaweza kungoja.

Ukiwa na picha hizo nne, usiirudie programu. Zichapishe kwa ukubwa wa lino yako, weka karatasi ya kuonea, ile nyembamba inayopitisha mwanga, juu yake, uchore kwa kalamu nene kingo za vivuli peke yake. Uchague. Mkunjo huu unaingia, ule unabaki nje. Picha imekusanya kila kitu bila kuulizwa. Kazi ya mchongaji ni kukataa, na utakataa vingi kuliko utakavyokubali. Ukitaka kijivu, usikitafute kwenye wino. Kitafute kwenye nafasi kati ya mistari. Mistari ya kisu iliyokaribiana hutoa weupe mwingi, ikiachana hutoa giza, na jicho linachanganya lenyewe. Kumbuka pia kwamba chapa hugeuza kushoto kuwa kulia. Msalaba unafanana pande zote kwa hiyo utakudanganya, lakini mikunjo yake haifanani. Igeuze karatasi ya kuonea kabla ya kuhamisha mchoro.

Nije kwa rafiki wa maji ya betri. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Asidi ya namna hiyo hula metali zenye nguvu ya kuifukuza haidrojeni iliyomo ndani yake, kama zinki na chuma. Shaba haina nguvu hiyo. Utaliloweka bamba usiku kucha na asubuhi utalikuta limeng'aa kuliko lilivyoingia, kwa sababu asidi imelamba kutu ya juu na kuiacha shaba. Juu ya hayo, maji yaliyotolewa kwenye betri kuukuu yana madini ya risasi, nayo ni sumu. Hapo ndipo ile asidi kali itakapoletwa, na pengine itakuwa ya nitriki. Hiyo inaila shaba kweli, tena haraka, na inapoila hutoa moshi wa kahawia unaoelekea wekundu. Moshi huo ni sumu ya mapafu. Ubaya wake ni kwamba mtu anauvuta, anakohoa kidogo, anapata nafuu, anakula chakula cha jioni na kulala. Saa nyingi baadaye mapafu yanaanza kujaa maji. Kama wewe au yeyote aliye nawe amekwisha kuuvuta moshi huo, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama unajisikia mzima, uwaambie waziwazi umevuta nini. Asidi yoyote ikirukia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 kwanza, ndipo utafute gari.

Wanaochora kwenye shaba siku hizi wengi wameiacha nitriki wakachukua kloridi ya chuma, ambayo mafundi wa redio na simu wanaifahamu kwa jina la perklorure, kwani ndiyo wanayoitumia kuchoma njia za umeme kwenye vibao vyao. Haitoi ule moshi. Inafanya kazi kwa namna tofauti: chuma kilichomo ndani yake kinanyang'anya shaba elektroni, shaba inayeyuka kidogokidogo pale tu ulipoikwangua nta uliyolipaka bamba kwanza. Inakwenda polepole na mstari unatoka safi. Lakini usije ukaiona soda ya chupa. Inaunguza macho, na ikigusa nguo au sakafu doa halitoki. Ukinunua ya unga, mimina unga ndani ya maji kidogokidogo, kamwe si maji juu ya unga, kwa kuwa hupata moto na kutoa mvuke mkali. Beseni liwe la plastiki, wala lisirudi jikoni. Bamba lisimame wima, au lielee uso ukitazama chini, maana matope yanayotokea hujaa kwenye mistari na kuziba kazi. Jaribu kwanza kwenye kipande: toa sehemu baada ya dakika tano, nyingine kumi, nyingine ishirini, nyingine arobaini, uone giza linavyoongezeka. Ikichoka, itilie magadi kidogokidogo mpaka isitoe povu tena, uache itulie, uyaweke yale matope kwenye dumu lenye alama. Usiyamwage mtaroni. Mtaro wa Katuba mwishowe unafika mtoni, na shaba inaua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Bamba lenyewe? Inachekesha, na inauma, kwamba mji unaosafirisha shaba kwa malori unamtesa mchoraji anayetafuta kipande cha ukubwa wa daftari. Shaba yetu inatoka ikiwa kathodi, yaani mabamba mazito ya shaba safi yasiyonyooshwa. Bamba lililonyooshwa mara nyingi limepita viwanda vya mbali. Waulize mafundi wa shaba ya kufuliwa kwa nyundo, wale wanaotengeneza picha za kutundika ukutani. Mara nyingi wana vipande vilivyobaki. Unene wa milimita moja unakufaa. Usinunue shaba ya vichochoroni isiyo na mwenyewe, maana nyaya zinazokatwa usiku huuzwa mchana, na huwezi kujua unachangia giza la mtaa gani.

Lakini nikuambie ninachofikiri: kwa sasa huhitaji asidi yoyote. Chapa ya bamba lililochongwa ndani haitoki kwa kijiko. Karatasi yenye unyevu inapaswa kusukumwa mpaka ndani ya mstari, na hilo linataka presi ya rola, ambayo huna. Endelea na lino kwa msalaba. Ukitamani metali, omba bamba za alumini zilizotumika kwenye kiwanda cha kuchapia magazeti au kalenda. Ni nyembamba, bei yake ni ya chuma chakavu, na ukizikwaruza kwa sindano ngumu zinatoa mstari mzuri wenye ukungu pembeni, unaodumu chapa chache kabla ya kuchakaa. Kwa presi, nenda ukaulize Akademia ya Sanaa, ile iliyoanzishwa 1951. Zungumza na walimu ana kwa ana. Kupaka na kufuta wino kwenye bamba ni kazi ya viganja, na hakuna maelezo ya kuandikwa yatakayokuonyesha ni kiasi gani cha wino kinapaswa kubaki.

Na ukiniuliza uanzie wapi, sitakutajia msalaba. Ningeanza na kichuguu. Vichuguu vikubwa vya miombo hapa Katanga ni vya kale kuliko vitu vingi unavyoviita vya kale: kimojawapo karibu na Lubumbashi kilipimwa na wanasayansi, na udongo wa chini yake ukaonekana kuwa na umri unaozidi miaka 2,000. Wayeyushaji wa shaba wa zamani walijengea tanuri zao udongo huo huo, kwa kuwa unastahimili moto. Hivyo ukikichonga kichuguu umechonga asili na historia kwa kisu kimoja, na hakuna kaburi la mtu unalolisumbua, mradi umemwomba ruhusa mwenye shamba.

Baada ya hapo tafuta ua la shaba, Haumaniastrum katangense. Ni mmea mdogo unaopenda udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingine, na ndiyo maana vilima vyenye shaba hukosa miti. Huota pia mahali palipokuwa na tanuri za kale, kwa sababu shaba ilibaki ardhini, na wachimbuzi wamewahi kuufuata ukawafikisha kwenye tanuri. Chuma tawi moja, usiung'oe: baadhi ya mimea ya vilima hivi haipatikani kwingine duniani, na migodi inaimaliza. Tawi hilo linaweza kuingia kwenye karatasi bila kamera, kwa sianotipi, ile njia ya rangi ya bluu iliyobuniwa na John Herschel 1842. Mwaka uliofuata Mwingereza Anna Atkins alianza kutoa kitabu kizima cha mimea ya baharini kwa njia hiyo, mimea ikiwa imelazwa juu ya karatasi. Unapaka dawa mbili zilizochanganywa gizani, unalaza mmea, unafunika kwa kioo, unatoa juani. Kiangazi chetu kina jua la kutosha, na jaribio la dakika kumi litakuonyesha kama unahitaji zaidi. Osha kwa maji matupu, kwani sabuni na magadi hufuta bluu. Moja ya dawa hizo inaitwa ferisianidi. Jina linatisha kuliko yenyewe, ila ikikutana na asidi kali inaweza kutoa gesi ya sumu, kwa hiyo isikae rafu moja na vitu vya yule rafiki. Na msalaba usiulaze juu ya karatasi hiyo yenye dawa. Chapa bluu, iache ikauke siku nzima, kisha juu yake chapa lino yako kwa wino mweusi wa mafuta. Hapo mpiga picha na mchongaji mtakuwa mmekutana kwenye karatasi moja.

Jambo la mwisho kuhusu msalaba, kwa siku utakapoutundika mbele ya watu. Bendera ya Katanga ya 1960, ilipojitenga na Kongo, ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, na sarafu za 1961 zilikuwa na msalaba pia. Kuna mzee atakayeitazama chapa yako akaona mahari ya bibi yake, na mwingine ataona vita na kufukuzwa kwa ndugu zake. Sikuzuii, na wala msalaba si mali ya chama chochote. Ila ujue jibu lako kabla hujaulizwa. Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humu 1978, ametumia mabamba ya shaba kubeba nakshi za chale za kale, na kazi hizo haziachi kukumbusha shaba ilikwenda wapi na kwa mikono ya nani. Ukienda kwenye maonyesho ya Biennale ya Lubumbashi, tazama wasanii wanavyoandika maelezo chini ya kazi zao. Chini ya yako andika msalaba ni wa nani na ulikufikiaje.

Wiki hii piga zile picha nne za tochi. Lino isubiri.